Abiria 300 na Konda Mmoja

Shemeji wangu ni konda wa daladala. Nalisema mapema ili msomaji asije akajiuliza huko mbele kwa nini mchezo wa kompyuta wa mtoto wa darasa la sita una mtu anayening'inia mlangoni akipiga bodi kwa kiganja. Coaster yake ilikuwa imelala gereji kwa ajili ya giaboksi, na fundi alikuwa akisema kila siku kwamba spea inaletwa kesho. Kesho ya fundi kila mwenye gari anaijua. Basi shemeji akawa anashinda kwetu Ukonga, sebuleni, anakula, anatazama marudio ya mpira na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

Wakati huohuo binti yangu akarudi na kazi ya shule: watengeneze mchezo kwa kutumia Scratch. Mada, usafiri wa mjini.

Shemeji akaweka kijiko chini. "Usafiri wa mjini? Mwalimu anajua kwamba humu ndani kuna mtaalamu?"

Kwa asiyeifahamu, Scratch ni programu ya kufundishia watoto, na wakubwa wenye subira, namna ya kuiamuru kompyuta. Ilitoka hadharani mwaka 2007 kutoka MIT Media Lab kule Marekani, kwenye kikundi cha Mitchel Resnick. Humo huandiki mistari ya alama za ajabuajabu. Unaburuta bloku za rangi, unazipachika moja chini ya nyingine, na zisizoendana hukataa kushikana. Kuna jukwaa lenye upana wa 480 na kimo cha 360, na juu ya jukwaa kuna wahusika. Kila mhusika ana sura yake, amri zake na kumbukumbu zake. Wenye fani yao huwaita vitu, na huu mtindo wa kuigawa programu katika vitu vinavyojitegemea ndio unaotawala sehemu kubwa ya kazi ya programu duniani leo.

Nilimweleza shemeji yote haya kwa utaratibu, maana nilishawahi kuyasoma. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaani dereva na kazi yake, konda na yake, abiria na yake, na mtu asiingilie kazi ya mwenzake. Sasa hapo cha kusomea ni nini?"

Cha kusomea kilijitokeza baada ya dakika chache.

Ukifungua mradi mpya wa Scratch unakuta paka wa rangi ya machungwa amesimama katikati ya jukwaa. Hakuna aliyemwita, huja na programu. Binti yangu alichora daladala pembeni yake, akaipamba kwa mstari na maandishi ya "Mungu Yupo" kwenye kioo cha mbele, kisha shemeji, ambaye kwake ni Mjomba, akaomba apewe usukani. Akaburuta bloku: bendera ya kijani ikibonyezwa, rudia daima, nenda hatua 10. Akabonyeza bendera.

Daladala haikutikisika. Aliyeondoka ni paka. Aliondoka kwa kasi kuelekea Kariakoo, akagota ukingoni mwa jukwaa, akabaki anatafuta njia ya kupita.

"Huyu paka kaniibia gari!"

"Hajaiba gari, Mjomba," binti akasema. "Amri umempa yeye."

Na kweli alikuwa amempa yeye. Chini ya jukwaa kuna orodha ya wahusika, na amri zote unazozipanga huingia kwa yule aliyechaguliwa wakati huo. Paka ndiye aliyekuwa amechaguliwa. Scratch haina amri inayoelea hewani ikisubiri mwenye kuiokota. Kila amri ina mwenyewe, na asiyeandikiwa amri hafanyi kitu hata ukimbembeleza.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, watu wazima wa kwetu tunapopata taabu kuliko watoto. Sisi tumekulia katika nyumba ambazo amri hutolewa bila mwenyewe. Mke wangu akisimama mlangoni mwa jikoni na kusema, "Hivi humu ndani hakuna watu?", vyombo huoshwa. Hakumtaja mtu. Hata vyombo hakuvitaja. Baba yangu alikuwa akikohoa tu na redio inapunguzwa sauti. Umemlea mtu miaka 40 katika utaratibu huo, halafu unamkalisha mbele ya mashine inayouliza kila mara: nani hasa? Shemeji alijibu swali hilo kwa kumfuta paka, akidai kwamba ndiye chanzo cha fujo.

Amri zikaandikwa upya kwenye daladala, daladala ikaenda. Ikaenda mpaka mwisho wa jukwaa. Binti akaongeza bloku inayosema ukigusa ukingo, geuka urudi. Daladala ikagusa ukingo, ikageuka, ikarudi Gongo la Mboto ikiwa chali, matairi juu, "Mungu Yupo" ikisomeka kichwa chini. Kosa hili hukutwa na karibu kila anayeanza Scratch: mhusika akigeuka nyuzi 180 hugeuka na mwili wake wote, mpaka umwambie kwamba yeye ni wa kugeuka kushoto na kulia tu. Na hilo nalo ni sifa ya mhusika mwenyewe, imo ndani yake pamoja na mahali alipo, ukubwa wake na upande anaotazama. Binti alibonyeza mahali pamoja, gari likakaa sawa. Mjomba alisikitika. Alisema aliwahi kupanda gari lililorudi vile kutoka Pugu, na abiria mmoja bado alidai ashushwe kituoni kwake.

Tukaja kwenye abiria.

Daladala haina maana bila watu, na mtoto hawezi kuchora watu 40 mmoja mmoja. Scratch ina njia: unachora mmoja, kisha unaagiza nakala. Nakala huzaliwa na kila alichonacho mzazi wakati ule, yaani sura, mahali, kumbukumbu na amri zake zote. Neno "zote" ndilo lililotuponza. Binti alimwandikia abiria wake: kitufe kirefu cha chini kikibonyezwa, tengeneza nakala yako. Akabonyeza. Hakuna kilichoonekana. Akabonyeza tena. Kimya. Mjomba akasema kibodi imechoka, akabonyeza yeye, kwa mkono uliozoea kupiga bodi la Coaster.

Kibodi haikuwa na ugonjwa wowote. Nakala huzaliwa palepale aliposimama mzazi, mmoja juu ya mwingine, kwa hiyo jicho linaona mtu mmoja. Na kwa kuwa kila nakala imezaliwa na ile amri ya kujinakili, nayo husikia kitufe. Mbonyezo wa kwanza unakupa abiria wawili, wa pili wanne, wa tatu wanane. Ukifika wa nane kuna watu 256 wamesimama juu ya unyayo mmoja. Wa tisa haufikishi 512, kwa sababu Scratch imeweka ukomo: nakala 300 kwa mradi mzima, basi.

Hayo hatukuyajua mpaka binti alipoongeza amri nyingine: mshale wa kulia ukibonyezwa, kila abiria atembee upande wowote atakaobahatika. Akabonyeza mshale. Yule abiria mmoja mpole pale kituoni akapasuka na kuwa mkutano wa hadhara. Walitapakaa jukwaa zima, wakapanda juu ya paa la daladala, wakajaa mbinguni, na feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma.

Mke wangu alikuwa anapita na beseni. Akatazama. "Kuna msiba?"

"Nafasi zipo," shemeji akasema, macho hayatoki kwenye skrini. "Wa katikati wasogee nyuma."

Naomba nitoke kidogo Ukonga niende Oslo, maana fujo hii ina babu zake. Miaka ya 1960, katika Kituo cha Kompyuta cha Norway, wataalamu wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walikuwa wanahangaika kuiiga dunia ndani ya kompyuta: mambo yanayosubiriana, yanayopishana, yanayokaa foleni. Ukitaka kujua mteja atangoja muda gani, ni lazima kompyuta iwe na mteja, na mteja awe na habari zake mwenyewe. Wakatengeneza lugha ya Simula, na toleo la mwaka 1967 ndilo linalohesabiwa kuwa la kwanza kuwa na vitu na klasi, yaani ramani ambayo vitu vya aina moja huundwa kwayo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001 na wote wakafariki mwaka 2002. Kwa hiyo mtindo huu mzima ulizaliwa kwa ajili ya watu wanaosubiri. Ninaposikia mtu akisema programu za vitu ni elimu ya mbali, namkumbusha kwamba hakuna mahali penye malighafi yake nyingi kuliko kituo cha Mnazi Mmoja saa kumi na mbili jioni.

Dawa ya abiria 300 ilikuwa kumnyang'anya abiria uwezo wa kujizalisha. Binti alichora kituo, kikawa mhusika, na amri ya kutengeneza abiria ikawa ya kituo: kila baada ya sekunde kadhaa, toa abiria mmoja. Kituo chenyewe hakina nakala, kwa hiyo amri inatekelezwa mara moja tu kila zamu. Mjomba aliona ni haki. Alisema hata kwenye maisha abiria hatokani na abiria mwenzake, isipokuwa kina mama wenye watoto wa mgongoni, ambao hawalipi.

Malipo sasa.

Kila abiria alitakiwa akumbuke jambo moja: amelipa au hajalipa. Kwenye Scratch kumbukumbu ya namna hiyo huitwa kigeu, na unapoiunda unaulizwa swali moja: iwe ya wahusika wote, au ya mhusika huyu peke yake? Jibu lililokwisha kuwekewa alama ni la wote, na mwenye haraka hupita nalo. Konda wa kwenye mchezo akaanza kupita na kuuliza. Abiria wa kwanza akatoa 600. Kigeu kikasoma: amelipa. Konda akaenda kwa wa pili: amelipa. Wa tatu: amelipa. Gari zima lilikuwa limelipa, na mapato yote yalikuwa 600.

Shemeji alisimama. Sijapata kumwona amekasirika vile hata siku Simba walipofungwa. "Hii ndiyo lugha yao!" akasema. "Hii hii! Nimeshalipa, nimeshalipa, muulize huyu! Kumbe wameandikiwa!"

Binti akamtuliza, akaeleza kwamba kigeu lazima kiwe cha kila abiria peke yake. Kwenye Scratch huwezi kukibadilisha kikishaundwa. Unakifuta na kukiunda upya. Mjomba akaifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa hasira, na kwa kuwa hasira haina kipimo, akakifuta na kigeu cha mapato na kukiunda upya, nacho kikawa cha kila abiria peke yake. Gari likajaa, kila abiria akalipa 600 kwa uaminifu mkubwa, na kila mmoja akazitia kwenye mfuko wake mwenyewe. Juu ya skrini mapato yakasoma sifuri.

Shemeji alitazama ile sifuri muda mrefu. "Hesabu hii," akasema taratibu, "siwezi kumpelekea tajiri."

Neno tajiri, yaani mwenye gari, likampa binti wazo. Alichora mzee mwenye kitambi, akamkalisha kwenye kona ya jukwaa, akampa kazi ya kujua mapato. Safari hii kigeu cha mapato kikawa cha konda peke yake, na abiria akilipa hutuma ujumbe, konda anaupokea na kuongeza 600 yeye mwenyewe. Hapo tukagundua kanuni ambayo shemeji aliipenda kuliko zote. Mhusika mmoja anaweza kusoma kigeu cha mwenzake, kuna bloku ya kuchungulia. Kukibadilisha hawezi. Tajiri anaona konda ana 24,000, lakini kutia mkono mfukoni mwake hawezi. Ni lazima atume ujumbe, na konda atatoa kwa amri zake mwenyewe, kama ameandikiwa kutoa.

"Scratch imetengenezwa na konda," shemeji akatoa hukumu. "Huyo Mmarekani muulizeni vizuri."

Kuna jambo moja lilikuwa likimsumbua tangu mwanzo. Yule abiria wa kwanza kabisa, mzazi wa nakala zote, alikuwa bado amesimama kituoni. Hapandi, halipi, hasemi. Magari yanakuja na kuondoka, yeye yupo. Shemeji alishaamua kwamba huyo ni shushushu wa tajiri anayehesabu vichwa. Binti akasema basi tumfiche, akampa amri ya kujificha mchezo unapoanza. Akatoweka. Wakatoweka na wengine wote, maana nakala hurithi hata kufichwa. Kituo kikawa kinatoa abiria wasioonekana, wanatembea hawaonekani, wanapanda hawaonekani, na mapato yanapanda: 600, 1,200, 1,800. Gari tupu linaingiza fedha.

"Abiria hewa," nikasema.

"Waache," shemeji akasema upesi. "Hawa waache kama walivyo. Wanalipa, hawakai, hawabishani. Hawa ndio wenyewe."

Majadiliano yalikuwa marefu. Binti alishikilia kwamba mwalimu hawezi kutoa alama kwa watu asiowaona, akaongeza kwa abiria bloku inayosema ukianza maisha kama nakala, jitokeze. Wakajitokeza. Shushushu peke yake akabaki amefichwa, jambo ambalo, shemeji alisema, ndiyo kawaida ya shushushu.

Kufikia hapo nilidhani tumemaliza. Lakini ndiyo kwanza tulikuwa tunaingia kwenye ujumbe, na ujumbe ndio moyo wa jambo lenyewe. Alan Kay, aliyeupa mtindo huu jina lake la Kiingereza, na aliyebuni lugha ya Smalltalk pamoja na kina Adele Goldberg na Dan Ingalls katika maabara ya Xerox kule Palo Alto miaka ya 1970, alikuja kusema baadaye kwamba anajuta kulichagua neno vitu, kwa sababu jambo kubwa ni ujumbe unaopita kati yao. Toleo la kwanza la Scratch liliandikwa kwa Squeak, ambayo ni mjukuu wa Smalltalk hiyohiyo. Basi kila konda anapopaza sauti mlangoni anafanya lile ambalo Kay alitaka tulizingatie, na bila maabara.

Tatizo ni kwamba ujumbe wa Scratch hauna anwani. Ukiutangaza, unawafikia wote. Mjomba akaandika: daladala ikifika Banana, konda atangaze "Shusha". Daladala ikafika Banana, konda akatangaza, na abiria wote wakashuka. Wa Tazara wakashuka, wa Mnazi Mmoja wakashuka. Wakasimama kando ya barabara, daladala ikaendelea na safari ikiwa nyeupe kabisa.

"Mbona mimi nikisema Banana wanashuka wa Banana tu?" shemeji akalalamika.

Kwa sababu kila abiria ana kituo chake kichwani. Binti akawapa kigeu kingine, cha kila mmoja peke yake, na amri ya kulinganisha: ukisikia ujumbe, tazama kama kituo kilichofikiwa ndicho chako, kama sicho, kaa. Ujumbe ukabaki uleule mmoja, majibu yakatofautiana. Nilifurahi sana kuliona hilo likifanya kazi, nikasema kwa sauti kwamba huu ndio uzuri wa programu za vitu. Hakuna aliyenijibu, maana gari lilikuwa limekwama.

Lilikwama hivi. Mwanzoni daladala ilikuwa inaondoka kabla abiria hawajamaliza kushuka, kwa kuwa anayetangaza ujumbe wa kawaida hasubiri mtu. Anasema na kuendelea na yake. Shemeji hakuona kosa, alisema ndivyo ilivyo. Binti akaweka bloku nyingine, ya kutangaza na kusubiri, ambayo humzuia mtangazaji mpaka wote waliopokea wamalize kazi zao. Sasa, miongoni mwa kazi alizowapa abiria kuna hii: kama ulitoa noti ya 1,000, usishuke mpaka upewe chenji ya 400. Na kwenye amri za konda, ambazo zote ziliandikwa na Mjomba, hapakuwa na bloku hata moja ya kutoa chenji.

Abiria akasubiri chenji. Konda akasubiri abiria. Dereva akasubiri konda. Hakuna taa nyekundu, hakuna onyo, hakuna king'ora. Scratch iliona kila kitu kiko sawa, kila mhusika anatekeleza alichoambiwa. Tungeweza kukaa pale mpaka umeme wa Luku uishe.

"Andika chenji, Mjomba."

"Mwambie nitampa akishuka."

"Hashuki bila chenji."

"Basi aendelee mpaka mwisho wa gari, tutaonana huko."

Mke wangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja na amekuwa akipanda daladala tangu utoto, aliweka beseni chini na kusema, "Mpe mtu chenji yake." Bloku ikaandikwa. Gari likaondoka.

Ubishi wa mwisho uliwahusu wanafunzi. Binti alitaka mchezo uwe na wanafunzi, kwa nauli yao ya 200. Mjomba alisema gari limejaa. Binti akamwonyesha viti vitupu. Mjomba akasema viti hivyo vimewekewa watu. Msomaji anayeishi Dar es Salaam anayajua mazungumzo haya na sina haja ya kuyarefusha. Mtoto alishinda, kwa sababu kompyuta ni ya shule.

Lakini mwanafunzi anaundwaje? Yeye ni abiria: anapanda, analipa, anashuka. Tofauti yake ni sare na nauli. Katika lugha kamili ya programu za vitu ungeandika kwamba mwanafunzi ni aina ya abiria, anachukua kila kitu cha abiria isipokuwa haya mawili, na siku ukimrekebisha abiria, mwanafunzi anarekebishika papo hapo. Scratch haina hiyo. Haina klasi kabisa, ndiyo maana wapo wanaokataa kuihesabu katika ukoo huo. Mimi naona wanakosea kwa mtoto wa darasa la sita: amejifunza mwenye amri, mwenye siri na mwenye ujumbe, na hilo ni zaidi ya nusu ya njia. Ila upungufu ni wa kweli. Binti alilazimika kumdurufu abiria awe mhusika mpya kabisa, akamvika sketi ya bluu na shati jeupe, akabadilisha nauli. Kuanzia hapo wale wawili hawakujuana tena.

Ndipo shemeji akaleta trafiki.

Hili lilikuwa wazo lake tangu mwanzo na alilingoja kwa hamu. Ujumbe mmoja, "Trafiki mbele", na kila mhusika afanye la kwake. Dereva apunguze mwendo na kufunga mkanda. Konda aingie ndani na kufunga mlango. Muuza karanga aliyedandia aruke. Abiria waliokaa watazame mbele kwa heshima, na waliosimama wainame wasionekane. Kila mmoja aliandikiwa sehemu yake kwa uangalifu ambao shemeji hajawahi kuutumia kwa jambo lolote jingine. Vitabu vya kompyuta vina jina refu kwa hali hii ya ujumbe mmoja kuitikiwa kwa namna tofauti na vitu tofauti. Mifano yao huwa ni ya mbwa anayebweka na paka anayelia nyau, na haifikii nusu ya ule wa shemeji.

Trafiki akatokea kwenye kona. Ujumbe ukatangazwa. Dereva akafunga mkanda. Mlango ukafungwa. Muuza karanga akaruka. Waliosimama wakainama wote kwa pamoja, daladala ikawa na sura ya gari la watu wastaarabu, isipokuwa katikati, ambako wanafunzi sita walibaki wamesimama wima, sare zimenyooka, wanamtazama trafiki usoni kupitia dirishani. Walidurufiwa kabla ya somo la kuinama.

"Wanafunzi hawavunji sheria," binti akasema, na akakataa kabisa kuwarekebisha.

Shemeji alinigeukia. "Shemeji, sasa umeona mwenyewe kwa nini hatuwapakii."

Mchezo ulipelekwa shule hivyohivyo. Mwalimu aliupa alama nzuri, akauliza swali moja tu, kwamba ni nani katika familia mwenye kazi ya usafiri. Binti sasa anaitazama Snap!, ndugu wa Scratch kutoka chuo kikuu cha Berkeley, ambamo mhusika mmoja anaweza kurithi kwa mwingine na marekebisho yakamfikia. Na akikua kidogo kuna Greenfoot, iliyotengenezwa na Michael Kölling na wenzake, ambamo ataandika Java yenyewe huku bado anaona wahusika wake wakitembea kwenye skrini. Huko mwanafunzi atakuwa aina ya abiria kweli, na ataambiwa ainame kama wenzake, labda mwenye mchezo aendelee kukataa.

Kama una mtoto nyumbani na kompyuta hata iliyochoka, mwanzishie. Scratch ni bure, ipo ya kupakua na kutumia bila intaneti, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Konda utamtafuta mwenyewe; wangu spea ilifika, na Jumatatu alirudi barabarani.